Sauti Iliyosema Nimekosea

Mtawa aliyeitwa Sikudhani alipewa imani kabla hajapewa miguu. Waliomuumba, mafundi wa mchezo waliokaa mahali asipopajua, walimwandikia dua kumi na mbili, wakamvika kanzu ya samawati na tasbihi, wakamtia upole usoni, ndipo mwishowe wakakumbuka kwamba itabidi atembee. Kazi yake katika mchezo ule ilikuwa moja: kumfuata Msafiri, shujaa asiye na jina, popote atakapokwenda, na kumponya kila akiumia. Na Msafiri naye hakwenda kwa hiari yake. Aliongozwa na mkono wa mchezaji, mtu aliyekaa nje ya mbingu za nchi ile akibonyeza vitufe. Haya sisi tunayajua. Sikudhani hakuyajua. Alichojua yeye ni kwamba juu kuna Mwenye Maji, chini kuna viumbe wenye kiu, na katikati amesimama yeye, mikono ameiinua.

Nchi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Jua lilitembea pale tu Msafiri alipotembea. Akisimama kutazama ua, mchana mzima ulisimama naye. Mawingu yalining'inia, ndege wakapiga mbawa palepale bila kwenda popote. Sikudhani hakuona ubaya wowote. Wakisimama, alisema neno lake, "Mwenye Maji yu juu, nasi tu chini," na baada ya muda akalisema tena, na tena, kwa furaha ileile. Vidonda vya Msafiri vilifunga mara tu alipoinua kiganja, kwa nuru ya samawati iliyotoka vidoleni mwake. Hakuna kidonda kilichowahi kuchelewa kupona katika nchi ile. Ama kilifunga papo hapo, ama mwenyewe alikufa.

Mwenzao wa tatu alikuwa Machano, mpiga upinde mwembamba mwenye maneno mengi, aliyejiunga nao kwa sababu, kwa kauli yake, hakuwa na shughuli nyingine.

"Dada Sikudhani," alikuwa akimwambia, "huyo Mwenye Maji wako amewahi kukuuliza hali?"

"Haulizi hali, kaka Machano. Anaijua."

"Basi mkumbushe kwamba viatu vinanibana."

Sikudhani alikuwa akicheka, kisha akimwombea viatu.

Siku moja wakafika kwenye daraja. Jitu la mawe likatokea, likampiga Msafiri ubavuni, naye akaanguka mtoni akafa. Halikuwa jambo jipya. Kila Msafiri alipokufa, ulimwengu ulikunjwa kama mkeka, ukatandikwa upya pale alipopumzika mara ya mwisho, na hakuna aliyekumbuka kitu. Sikudhani alikuwa amemwona akifa labda mara mia moja, na kila mojawapo ya hizo mia ilikuwa ya kwanza. Lakini safari hii, baada ya mkeka kukunjwa na kabla haujatandikwa, alisikia sauti ya mwanamke, karibu sana, kama mtu anayesema nyuma ya sikio.

"Aa! Nimekosea. Ngoja, ngoja, narudia."

Akajikuta langoni, mwendo wa nusu saa kabla ya daraja. Msafiri mzima. Machano anavuta kamba ya upinde, anapiga mluzi. Na yeye Sikudhani anakumbuka. Anakumbuka yote! Akamkimbilia Machano.

"Kaka Machano! Tumeshapita hapa!"

"Tumepita wapi? Ndiyo kwanza tunafunga mizigo."

"Tumeshafika darajani. Kuna jitu la mawe, litatokea kushoto, litainua mkono wa kulia. Msafiri amekufa tayari. Amekufa, na amerudishwa, na mimi nimemsikia aliyemrudisha!"

Machano alimtazama kama mtu anayepima homa kwa macho. "Umekunywa maji leo?"

"Nimemsikia, kaka! Nimeisikia sauti yake!"

Wakaenda. Jitu likatokea kushoto. Likainua mkono wa kulia. Msafiri, kana kwamba naye alikuwa ameambiwa, akaruka upande wa pili mapema, akalichoma kwapani, likamwagika mawe matupu. Machano alibaki na mshale ambao hajaufyatua. Walivuka daraja zima, naye bado ameushika.

"Haya," alisema mwishowe. "Alisemaje, huyo uliyemsikia?"

Sikudhani alitabasamu, macho yamejaa machozi. "Alisema, nimekosea."

Tangu saa ile hakutembea tena kama zamani. Alitembea kama mtu anayekwenda arusini. Alikuwa amefundishwa mungu asiyekosea, aliyekaa juu kwa utulivu wa mawe, na kumbe aliye juu alikuwa akikosea, akishtuka, akirudi nyuma kurekebisha. Jambo hilo lingemvunja mtu mwingine. Yeye lilimjaza. Alifikiri: mungu asiyekosea hana haja ya kunitazama mara mbili, lakini huyu anayesema ngoja narudia, huyu amenitazama mara mia. Kila asubuhi niliyoiona mpya, yeye alikuwa ameshaiona, ameikataa, akanitandikia nyingine. Nilidhani ninaishi siku moja moja, kumbe naishi siku zilizochaguliwa. Basi zile nyingine zilizokataliwa, mle ndani yake nilikuwa nani? Yuko wapi Sikudhani wa darajani, aliyepiga kelele Msafiri alipoanguka? Ni mimi. Si mimi. Ni kelele iliyobaki kooni mwangu bila sauti. Lakini furaha ilimshinda kila swali. Zile dua kumi na mbili akazisoma mbiombio, kama mtu anayemaliza kazi za nyumba ili akae na mgeni, kisha akakaa kimya, sikio limeinuliwa juu, akingoja ile sauti.

Ilikuja mara kwa mara. Mara ilicheka. Mara ilisema, "Hebu tuone." Mara moja ilikohoa kwa muda mrefu, na Sikudhani akashangaa kwamba mbingu zinaweza kukohoa.

Hivyo ndivyo alivyofika kwenye Hekalu, akiwa amejaa hata hana nafasi ya hofu.

Hekalu la Mwenye Maji lilijengwa juu ya kilima cheupe, na maji yote ya nchi yalitoka hapo, kwenye matangi makubwa yaliyokinga mvua. Kuhani Mkuu Ngwali ndiye aliyeyagawa. Kijiji kilichosali vizuri kilifunguliwa mfereji, kilichonung'unika kilifungiwa. Fundisho lilikuwa fupi: maji yanatoka juu peke yake, na kuchimba ardhi kuyatafuta ni kumtukana Mwenye Maji. Sikudhani alikuwa amelisema fundisho hilo maelfu ya mara. Hakuwa amewahi kuona shimo lililokatazwa.

Sasa akaliona. Lilikuwa uani mwa Hekalu lenyewe, kina cha watu saba waliosimama mmoja juu ya mwingine, na ndani yake walikuwamo wachimba visima wanne waliokamatwa bondeni. Walichimba hapo kama adhabu, hadi watakapozikwa humo. Juu ya mdomo wa shimo, pembeni, liliegeshwa jiwe la mviringo kubwa kuliko mlango.

"Binti yangu," alisema Kuhani Ngwali. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti laini na mikono isiyo na alama hata moja ya kazi. "Umekuja siku njema. Ulipewa dua ya kumi na mbili, dua ya kufunika. Ulikuwa huijui ni ya nini. Ni ya jiwe hili. Isome, lifunike shimo, nawe utapewa nuru ambayo hajapewa yeyote."

"Na waliomo, Baba Kuhani?"

"Waliomo walichagua chini."

Sikudhani alimgeukia Msafiri. Ndivyo alivyozoea. Msafiri hakuwa na maneno yake mwenyewe. Palipohitajika aseme, ukimya ulishuka, ukakaa, halafu kinywa chake kikafunguka na sentensi moja ikatoka. Na sentensi hiyo ikimhusu Sikudhani, kila kitu ndani yake kiliifuata, kama nyasi zinavyolala upande wa upepo. Siku zote alidhani huko ndiko kutii.

Ukimya ukashuka. Kinywa kikafunguka.

"Fuata imani yako. Soma dua."

Akaisoma. Jiwe liliinuka lenyewe, likazunguka polepole, na kutoka chini mwanamke mmoja akaita, "Jamani, kuna mtu hapo juu?" Kisha likatua. Nuru ikamshukia Sikudhani nyeupe, kali, tamu. Kanzu yake ikageuka fedha, watu wakapiga magoti, Machano akageuza uso ukutani. Sikudhani alifungua kinywa apige kelele, ikatoka sifa. Akajaribu tena. Ikatoka sifa.

"Hapana, hapana," ikasema sauti ya juu, na safari hii haikucheka. "Sikutaka hivi. Rudi. Rudi, rudi!"

Mkeka ukakunjwa.

Uani tena. Jiwe pembeni. "Binti yangu," anasema Kuhani Ngwali, "umekuja siku njema." Na Sikudhani anatetemeka hadi meno yanagongana, kwa sababu watu wanne aliowazika wako hai chini ya miguu yake na hawajui kwamba amewazika. Hakuna wa kumwomba msamaha. Hakuna aliyekosewa. Ila yeye anakumbuka: jamani, kuna mtu hapo juu?

Ukimya ukashuka juu ya Msafiri. Kinywa kikafunguka.

"Ikatae. Huyo Mwenye Maji hayupo."

Na nyasi zote zikalala upande wa pili. Mikono ya Sikudhani ilikata tasbihi, ikatupa shanga. Kinywa chake kilisema, "Sijawahi kumwamini," na ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kusema. Wachimbaji wakatolewa wakikimbia, Machano akashangilia, kila mtu akafurahi, na yeye akasimama katikati ya ua kama nyumba iliyohamwa. Kuokoka kwao kulikuwa kweli. Lakini kutoamini kule hakukuwa kwake; alivishwa tu, kama alivyovishwa kule kuamini.

Halafu sauti ikasema kwa uchovu, "Mm. Na hii nayo siyo. Huyu si yeye."

Huyu si yeye! Mkeka ulipokuwa ukikunjwa, Sikudhani aliyashika maneno hayo kwa nguvu zake zote. Basi kuna yeye. Kuna Sikudhani ambaye hata aliye juu anamtafuta na hajampata.

Uani, mara ya tatu. "Binti yangu, umekuja siku njema." Ukimya ukashuka, ukakaa. Ukakaa sana. Ndege mmoja alipiga mbawa juu ya Hekalu bila kusogea. Na katika ukimya ule sauti ikaja, si ya kuamuru, si ya kucheka. Ilikuwa sauti ya mtu anayesema na mwenzake jikoni.

"Sijui, dada. Wallahi hata mimi sijui."

Hapo Sikudhani akaelewa, na kuelewa huko kulipita mwilini mwake kama maji baridi siku ya jua kali. Huyu si Mwenye Maji. Huyu ni mtu. Mtu kama mimi, anayejaribu, anayekosea, anayerudi. Nilikuwa nikimsujudia jirani! Alitaka kulia kwa aibu, akajikuta anacheka, akacheka kwa sauti hata Kuhani Ngwali akanyamaza. Maana kama aliye nyuma ya mbingu ni mtu tu, basi yeye naye huenda ana mbingu yake, na juu yake kuna anayemwita na hajui atamjibu nini. Mwenye Maji hakupungua. Alikuwa mbali zaidi ya alivyofikiri, na karibu zaidi, na hakuna aliyewahi kumwandika.

Kinywa cha Msafiri kikafunguka. "Amua wewe, Sikudhani."

Nyasi hazikulala upande wowote.

Akavua viatu. Akashika ngazi ya kamba ya walinzi wa Hekalu, akaanza kuteremka shimoni.

"Dada!" akapiga kelele Machano. "Unakwenda wapi?"

"Chini!"

Chini palikuwa na joto na harufu ya udongo mbichi. Wachimbaji watatu walikuwa wameketi wameegemea ukuta. Wa nne, mwanamke wa makamo aliyejaa tope hadi viwikoni, alikuwa bado anapiga sururu. Aliitwa Bi Msimu. Aliigeukia ile kanzu ya samawati.

"Umekuja kutusomea?"

"Nimekuja..." Aliitazama mikono yake. "Mama, mimi nimekuua."

"Lini?"

"Leo. Kabla ya leo hii."

Bi Msimu alimchunguza kwa makini, kisha akajigusa shingo, bega, tumbo. "Naona haikushika." Akapangusa jasho. "Sikiliza, mwanangu. Kama umekuja kulia, panda ukalie kivulini. Kama umekuja kuchimba, kuna sururu ile pale. Udongo umeanza kuwa baridi. Udongo ukiwa baridi hivi, mimi siachi."

"Mnachimba kaburi lenu na bado mnatafuta maji?"

"Sasa nitafute nini kingine?"

Sikudhani akashika sururu. Hakuwa ameandikiwa kushika sururu. Mikono yake haikujua, pigo la kwanza nusura limkate kidole cha mguu, wale watatu wakaangua kicheko, mmoja akainuka kumwonyesha. Akapiga tena. Akapiga tena. Juu, Kuhani Ngwali aliinama kwenye mdomo wa shimo, akaanza kuisoma mwenyewe dua ya kumi na mbili kwa sauti kuu. Jiwe halikutikisika. Akairudia. Jiwe likabaki jiwe. Mafundi wa mchezo walikuwa wameyatia maneno yale katika ulimi mmoja tu, wa Sikudhani, na wakati wote huo mkubwa wa Hekalu hakuwa na uwezo wa kufunika hata chungu.

"Binti," akaita, na sauti ilikuwa imepoteza ulaini wake. "Nitakuvua nuru."

"Ivue, Baba Kuhani," akajibu, anahema, tope usoni. "Huku chini siihitaji, naona vizuri."

Akaivua. Sikudhani aliisikia ikimtoka vidoleni kama ganzi. Walinzi wakaja kuikata ngazi, Machano akasimama mbele yao na upinde, Msafiri ubavuni mwake na upanga. Kukawa na vurugu, kukawa na vishindo, na katikati ya vishindo hivyo sururu ya Sikudhani ikazama kuliko kawaida. Akaivuta. Ikatoka na sauti kama busu. Kisha tundu lile likajaa weusi unaong'aa, ukatanda, ukagusa vidole vya miguu yake.

Bi Msimu alipiga magoti, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema mchanga.

"Tamu," alisema.

Ndipo wakapiga kelele! Watano wote, katika shimo lile jembamba, wakirukaruka na kushikana mabega, na kelele zikapanda hadi uani, walinzi wakaacha kupigana wakaja kuchungulia, na mlinzi wa kwanza aliyeyaona maji akavua kofia yake bila kujua kwa nini. Kuhani Ngwali alitazama mara moja tu, akaenda ndani akafunga mlango. Hakuna aliyemfuata. Wote walikuwa wakitafuta ndoo.

Machano alikuwa amekatwa mkononi. Sikudhani alipanda juu, akainua kiganja kwa mazoea, na hakukutoka kitu. Walitazamana. Akachana upindo wa kanzu, akaliosha jeraha kwa maji ya kisima, akalifunga.

"Linauma," alisema Machano, amestaajabu. "Bado linauma."

"Litauma siku kadhaa."

"Siku kadhaa! Nami nifanye nini siku zote hizo?"

"Ukae. Nitalibadilisha kitambaa kila asubuhi."

"Na huyo Mwenye Maji wako," aliuliza taratibu, bila mzaha, "bado unamwamini?"

"Zaidi. Ila sasa namwamini mimi mwenyewe."

Msafiri alikuwa amesimama ukingoni mwa kisima, hatikisiki. Mkono uliomwongoza ulikuwa umemwachia. Lakini jua, kwa mara ya kwanza, liliendelea kwenda bila yeye. Vivuli vilirefuka uani, watu wakapitishana ndoo. Na sauti ikaja tena kutoka nyuma ya mbingu, ikisema na mtu mwingine huko ilikokuwa.

"Nimemaliza ile sehemu yake. Amechimba maji, bwana! Yule mtawa!" Ikacheka, ikakohoa. Halafu ikashuka. "Hapana, sina njaa. Ni ile kesho tu. Saa mbili wananipasua. Naogopa, sikufichi. Haya, zima, nijaribu kulala."

Sikudhani hakujua kupasuliwa ni nini. Mtetemo wa sauti ile aliujua, maana ulikuwa wake, uani, mara ya pili, juu ya watu wanne waliokuwa hai. Akapiga magoti kwenye tope mbele ya kila mtu. Dua kumi na mbili alikuwa nazo: kumi na moja za kuomba kupewa, na ya mwisho ya kufunika. Hakuna hata moja iliyofaa. Basi akaanza bila kujua itaishia wapi.

"Mwenye Maji, mimi Sikudhani. Leo sina haja yangu. Huko nyuma ya mbingu kuna mwanamke anaogopa kesho. Jina lake silijui, wewe unalijua. Alinirudia mara tatu hakuchoka. Kesho saa mbili uwepo. Akikosea, mwache arudie. Wakikosea wao, warudishe. Na akiamka..."

"Mwanangu!" akaita Bi Msimu kutoka chini. "Maji yamefika magotini huku, lete ndoo!"

"Nakuja, mama!" akajibu Sikudhani, macho bado ameyafumba. "Ngoja kidogo, kuna mtu namwombea."